Gauni la Zamani, Joto la Kaskazi

Kwenye sebule nyingi za pwani bado kuna picha za studio za miaka ya 1950 na 1960. Mama kavaa gauni la pamba lililobana kiunoni na kumwagika hadi chini ya goti, mkoba mdogo umelala mapajani, nywele zimechanwa njia pembeni. Nyuma yake baba kasimama na shati jeupe la mikono mifupi na suruali pana iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Unguja, picha za namna hii zilipigwa Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa, watu walivaa vizuri wakaenda kwa N. V. Parekh. Ukizitazama picha hizo kwa jicho la mshonaji, kuna kitu kinakuvutia hata kabla ya urembo: nguo zile zina nafasi. Kwapa halijabanwa, shingo iko wazi, sketi imeachwa mbali na miguu. Zilishonwa na watu walioishi kwenye joto na waliolijua.

Nalitaja joto mapema kwa sababu ndilo linalowashinda wengi wanaopenda mavazi ya kizamani. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, Dar es Salaam inafika nyuzi joto 32 mchana na unyevu hauondoki hata usiku. Hapo ndipo utamwona binti kapendeza asubuhi na gauni la miaka ya sabini, na saa sita mchana anatafuta choo cha kwenda kulivulia. Gauni ni zuri, mwili wake ni mzuri, viatu vimekubali. Kosa liko kwenye kitambaa. Alichagua rangi na maua, akasahau kuuliza nguo imetengenezwa kwa nini.

Katika sura hii nataka tufuate mpangilio mmoja tu: kitambaa kwanza, mkato pili, mapambo mwisho. Duka la mapambo hukushawishi uanze na miwani na hereni, na hapo ndipo mtu huishia kuonekana kavaa kwa ajili ya igizo. Ukianza na kitambaa, hata ukiishia hapo bila kuongeza kitu, utakuwa umevaa.

Pamba ina ukoo mrefu kwetu. Katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho watu walikiita merikani, na biashara ikakua hadi Marekani ikaweka ubalozi wake mdogo kisiwani mwaka 1837. Baadaye zikaja poplini, drili na khaki. Kanzu, gauni la kanisani, sare ya shule, vyote vilikuwa pamba. Kisha kikaja kitambaa cha maabara. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na kufikia miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa imetufikia kwa majina ya terilini, krimplini na tetroni. Wazee wetu waliipenda kwa sababu ya haki kabisa: haikunjamani, haichuji, na mstari wa pasi kwenye suruali unakaa wiki nzima. Kijana wa mwaka 1974 aliyevaa suruali ya pekosi ya tetroni na viatu vya soli nene vya raizoni alikuwa kapiga hatua mbele ya rika lake. Lakini poliesta hainyonyi jasho. Linabaki kati ya ngozi na nguo, na nguo inashika harufu ambayo sabuni haiitoi yote.

Kwa hiyo ukiipenda miaka ya sabini, chukua mkato wake, kitambaa uwaachie wenyewe. Pekosi iliyoshonwa kwa drili ya pamba au kwa kitani inapendeza kuliko ya awali, kwa sababu kuanzia gotini inamwagika kwa uzito wake na hewa inapita. Bluzi ya kola ndefu ikishonwa kwa poplini haina tofauti machoni na ile ya krimplini, na wewe huna haja ya kukaa karibu na feni.

Namna ya kutambua kitambaa ni rahisi na kila fundi anaijua. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya upindo, zishike kwa kibano, ziwashe. Pamba na kitani huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, halafu huacha kijitone kigumu cheusi. Kitambaa mchanganyiko huwaka na bado huacha vitone vidogo. Muuzaji mwenye roho nzuri atakuruhusu ufanye hivyo kwa uzi mmoja uliokwisha kulegea. Asiyekuruhusu, tumia kiganja: funika kitambaa mkononi, ukifumbate hadi uhesabu thelathini, ukiachie. Pamba itabaki na mikunjo, poliesta itarudi ilivyokuwa na kiganja chako kitakuwa kimeloa.

Sasa tuje kwenye mkato, na hapa nitataja majina mawili ya mbali kwa sababu nguo zao ndizo zilizozaa nyingi ya zile tunazozikuta sokoni. Tarehe 12 Februari 1947, mjini Paris, Christian Dior alionyesha mitindo ambayo dunia nzima iliiga: kiuno chembamba kabisa, nyonga zilizovimba, sketi inayokula mita nyingi za kitambaa. Vita vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wamechoka kuvaa kwa mgao, na sketi ile ilikuwa shangwe. Tatizo lake kwetu liko ndani. Umbo lile lilishikiliwa na koseti, mito ya kuongezea nyonga na bitana juu ya bitana. Nje unaona ua, ndani kuna kazi ya ujenzi.

Wa pili ni Claire McCardell wa Marekani, ambaye kwa maoni yangu anatufaa zaidi kuliko Dior na jina lake halitajwi vya kutosha. Alishona kwa pamba ya kawaida, kwa dangirizi, kwa kitambaa cha vimraba ambacho wengine walikiona cha mapazia ya jikoni. Mwaka 1942 alitoa gauni la kujifunga, lenye mfuko mkubwa, la kuvaliwa nyumbani na hata mbele za wageni. Kiuno alikibana kwa kamba anazofunga mvaaji mwenyewe, kwa hiyo nguo ilimfuata mtu alivyo siku hiyo. Mwanamke wa pwani, ambaye tangu utoto anajua kujifunga na kufungua, hahitaji somo hili. Ukilikuta sokoni gauni la kujifunga la pamba, lenye mifuko na mikono inayoishia juu ya kiwiko, lichukue kabla hujaliangalia mara mbili.

Nimesema sokoni. Nguo halisi za zamani bado zinapatikana katika mitumba, ila zinataka subira. Biashara hii ilishamiri Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 1980 milango ya uagizaji ilipofunguliwa, enzi za Rais Mwinyi, baada ya miaka ambayo kupata nguo ya dukani ilikuwa ni kupanga foleni. Wengine waliziita kafa Ulaya na bado wakazivaa. Leo Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi, Kongowea ya Mombasa na Gikomba ya Nairobi ndizo shule kubwa za mavazi tulizonazo. Robota moja mara nyingi huwa na kilo 45. Linapofunguliwa, wachuuzi huwahi kuchagua zile bora, ambazo Nairobi huitwa kamera, na zinazobaki mwisho kabisa ni fagia. Mpenzi wa nguo za zamani asiidharau fagia. Gauni la mwaka 1962 lisilo na kifungo kimoja, lililofifia rangi, kwa mchuuzi ni uchafu, na hapo ndipo linapokusubiri.

Nikiri pia kwamba marobota yamebadilika. Zamani yalijaa nguo za watu waliozitunza miaka ishirini. Siku hizi yamejaa poliesta nyepesi iliyovaliwa msimu mmoja huko ilikotoka ikatupwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza huko bila ushuru, wengi wakalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Mimi naumia nikiona vitambaa visivyooza vikirundikwa mtoni nyuma ya soko, na naumia pia nikifikiria akina mama wanaosomesha watoto kwa meza moja ya magauni. Ninachoweza kumwambia msomaji ni kwamba kila gauni la pamba la zamani unalolichukua, ukalifanyia ukarabati na kulivaa miaka kumi, umelitoa kwenye rundo hilo.

Ukipata gauni sokoni, ligeuze ndani nje kabla ya kuulizia bei. Huku nje nguo inajieleza kwa maneno ya kuvutia, ndani ndiko kuliko na wasifu wake. Tazama zipu kwanza. Ikiwa ni ya chuma na imewekwa ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, huenda gauni ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1960, maana zipu za nailoni zilienea kuanzia muongo huo. Tazama upindo wa chini: magauni ya zamani yaliachiwa hadi inchi tatu ili binti akirefuka au mtindo ukibadilika, mama ashushe. Upindo huo ni hazina yako, kwa sababu utakupa kiraka cha rangi ileile au urefu unaoutaka. Tazama kingo za mishono. Zikiwa zimekatwa kwa mkasi wa meno, bila uzi wa ovaloki, umri wake ni mkubwa au alishona fundi wa nyumbani. Lebo nayo inasema. Marekani ilianza kulazimisha lebo ya maelekezo ya kufua mwaka 1972, na nguo ya Kiingereza yenye alama ya CC41 ilitengenezwa chini ya mpango wa nguo za mgao kati ya 1941 na 1952. Alama hiyo sijui kama wauzaji wetu wanaijali, lakini mwenye macho ataijua.

Kisha inua nguo juu, jua likiwa nyuma yake. Makwapani ndipo jasho la miaka hula nyuzi. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, pamba imechoka na haitastahimili fundi. Vuta kidogo kwenye mshono wa bega. Ikitoa sauti ya kuchanika, iache, hata ikiwa nzuri namna gani. Madoa ya kutu kutokana na zipu ya chuma yasikutishe, ndimu na chumvi na jua la asubuhi huyaondoa mengi kwenye nguo nyeupe.

Namba ya saizi usiiamini. Gauni la Kimarekani la miaka ya 1950 lenye namba 14 ni dogo sana kuliko namba 14 ya leo, kwa sababu viwanda vimekuwa vikishusha namba na kupanua nguo ili mteja afurahi. Nenda sokoni na futi ya fundi mkobani na vipimo vyako vitatu kichwani: kifua, kiuno, na urefu kutoka bega hadi kiuno. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokisahau. Kiuno kikubwa hubanwa na kidogo huongezwa kipande ubavuni, lakini gauni ambalo kiuno chake kinakaa juu ya kiuno chako kwa inchi mbili halitengenezeki bila kulifumua lote.

Wapo ambao soko haliwapi, au hawapendi nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Hao nawapeleka moja kwa moja kwenye kanga. Kanga yenyewe ni vazi la zamani: inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani waliziunga leso sita, tatu kwa mbili, wakapata nguo moja pana, na wafanyabiashara wakaona, wakaichapisha nzima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, bado linajulikana kwa alama yake ya Mali ya Abdulla. Baadaye maandishi, ambayo huitwa jina, yakaingia, na baada ya uhuru viwanda vyetu vikaingia pia, kama Urafiki cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kanga halisi ni pamba tupu, nyepesi, imechapwa rangi zisizoogopa jua. Kwa gauni la kizamani la msimu wa joto sijaona kitambaa kinachoishinda.

Hesabu ya kulikata ndiyo tamu, na nitaieleza taratibu kwa sababu mafundi wengi huiharibu. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, na doti ni mbili. Usikubali fundi azirundike pamoja na kukata kama kitenge, atakupasulia pindo katikati ya kifua na jina atalitupa. Kila kanga ikatwe kwa upana: sentimita 70 za chini, zenye pindo na jina, ziwe sketi; sentimita 40 za juu zihifadhiwe kwa ajili ya kifua. Unganisha vipande viwili vya sketi ubavuni, utapata mzunguko wa mita tatu, pindo lote likiwa chini bila kukatika, jina likisomeka mbele na nyuma. Mita hizo tatu zikusanywe kwa marinda madogo hadi zifike kiuno chako. Kanga ni nyepesi, hivyo marinda hayavimbi kiunoni kama yangefanya ya kitenge cha nta.

Vile vipande vya juu vina pindo lao. Hilo ndilo litakalokuwa mikanda miwili mipana ya mabegani na mkanda wa kiuno, na kutoka kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, unakata kifua cha mbele na mgongo. Kifua kitiwe bitana ya poplini nyeupe, maana kanga peke yake inaonyesha, na sketi ivaliwe na gagulo la pamba. Fundi mmoja wa mtaani kwetu, mzee mtaratibu sana, aliwahi kuniuliza akiwa na mkasi mkononi:

"Dada, hili jina tuliache? Wengine hawataki kusomwa wakipita."

"Liache, fundi. Likae palepale juu ya pindo."

"Basi usinunue kanga yenye maneno ya kumsuta mtu," akasema. "Gauni utalivaa hata kwa mama mkwe."

Ushauri wake ninaurudia kwa kila anayeniuliza. Chagua maneno utakayoweza kuyasimamia popote. Na fua doti mara mbili kabla ya kumpelekea fundi, kwa sababu hutoka dukani na wanga na hupungua urefu.

Jambo moja nalishikilia kwa nguvu. Kanga za bibi zilizoko sandukuni zisikatwe. Nimeona doti za miaka ya 1960, zenye ramani ya Tanganyika au mwenge wa uhuru, zikigeuzwa mito na kofia kwa ajili ya watalii. Kanga ya zamani ivaliwe nzima: moja kiunoni chini ya bluzi nyeupe ya poplini, nyingine mabegani. Bluzi hiyo, kanga hiyo na makubadhi miguuni ni vazi lililokamilika. Halihitaji kiungo kingine cha zama.

Lile gauni la mikanda lina suala la mabega, na kwa Unguja, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa suala hilo ni la heshima kabla halijawa la mtindo. Wenyewe waliovumbua magauni haya walikuwa na jibu: mengi yaliuzwa pamoja na kijikoti kifupi cha kitambaa hichohicho, kinachoishia juu ya kiuno. Mwambie fundi akushonee kwa poplini nyepesi ya mikono ya robo tatu. Mtandio wa pamba nao unatosha, na juani mchana mabega yatakushukuru kwa vyote viwili.

Kuhusu kimini, historia yake hapa nyumbani haikuwa ya picha nzuri tu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala wakati huo, uliazimia kupiga marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, na kampeni ya kutekeleza azimio hilo, Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1, 1969. Mabinti walizuiwa barabarani na wengine wakachaniwa nguo. Waliokuwa wakikimbia siku zile ni bibi na shangazi zetu, na nadhani anayevaa kimini cha miaka ya sitini leo anapaswa kulijua hilo. Ukikipenda, kivae ufukweni juu ya vazi la kuogelea, au kishushe kuelekea gotini kwa ule upindo wa inchi tatu niliousifia. Sketi ya gotini yenye mkato ulionyooka wa mwaka 1966 bado ni ya mwaka 1966.

Mapambo sasa, na hapa tunaweza kwenda haraka, kwa kuwa pwani imekwisha kuyatengeneza. Kofia ya kiangazi ambayo majarida ya nje huiuza ghali, ile iitwayo ya Panama, husukwa Ekuador kwa nyuzi za mmea wa toquilla, na UNESCO iliuingiza ususi huo kwenye orodha ya urithi mwaka 2012. Ususi wetu wa ukili, wa ukindu na miyaa, haujafikishwa huko lakini unafanya kazi ileile: kivuli kipana, kichwa kinachopumua. Tafuta kofia yenye ukingo wa kiganja kizima, ukili mwembamba, mishono iliyokaribiana. Ikipinda kwenye basi, inyunyizie maji kidogo, iweke juu ya bakuli lililopinduliwa, itarudi. Funga utepe wa kanga kuizunguka, wa pindo lililobaki kwenye gauni, nayo itaonekana imeshonwa pamoja.

Kikapu vilevile. Jane Birkin alijulikana miaka ya 1960 na 1970 kwa kutembea na kikapu cha ususi kila mahali, hata kwenye shughuli za jioni, na tangu hapo kila msimu wa joto Ulaya hurudia. Kikapu cha ukili cha Pemba chenye mkono wa ngozi hakina sababu ya kuvionea vya huko wivu. Kitie mfuko wa ndani wa merikani wenye kamba ya kuvuta, ili simu isionekane kwenye daladala.

Miwani ndiyo inayohitaji tahadhari ya kweli. Fremu zilizonyanyuka pembeni kama jicho la paka zilibuniwa New York na Altina Schinasi miaka ya 1930, na za plastiki ngumu zilizotunzwa bado zinavalika. Lakini lenzi ya zamani inaweza kuwa nyeusi bila kuzuia miale hatari ya jua, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuvaa kabisa: giza hufanya mboni ipanuke, miale ikaingia zaidi. Nunua fremu kwa urembo wake, kisha mpelekee mtengeneza miwani aweke lenzi mpya zinazokinga.

Vito vya bei ndogo vya zamani huacha rangi ya kijani shingoni ukitoka jasho. Kwa msimu huu vaa fedha, shanga za kioo, mbao, au pembe ya ng'ombe. Kimoja kikubwa kinatosha, ama hereni ama mkufu. Viatu, makubadhi ya ngozi ya Lamu au Unguja yanakwenda na karibu kila kitu nilichokitaja, ila ya zamani sana ngozi yake hukauka na kukatika kwenye kidole. Yapake mafuta ya nazi mepesi siku tatu kabla ya kuyavaa, uyafute.

Wanaume wasidhani nimewasahau. Shati la mikono mifupi lenye kola iliyolala wazi, la miaka ya 1950, likishonwa pana kwa pamba na kuachwa nje ya suruali, ni vazi linalofaa joto kuliko tisheti yoyote. Kikoi kikivaliwa na shati jeupe jioni ya nyumbani hakina mpinzani. Na kuna suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ambayo katika miaka ya 1960 na 1970 iliwapa viongozi na walimu wa Afrika Mashariki na Kusini namna ya kuvaa rasmi bila tai. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya aliipiga marufuku bungeni. Kwangu huo ni uamuzi wa kusikitisha, maana ni moja ya nguo chache rasmi zilizokatwa kwa kufikiria hali yetu ya hewa. Ikishonwa kwa kitani cha rangi ya mchanga, bila bitana mgongoni, mifuko minne ikiwa imelala bapa, inafaa harusi ya mchana na inafaa ofisi.

Kuzitunza nguo hizi pwani ni vita na unyevu. Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni, ukungu utaziandikia alama zisizofutika. Zifue kwa mkono siku hiyohiyo ulipotoka jasho, zigeuze, zianike kivulini. Kabla ya kuzikunja, zifukize udi kwenye chetezo kama walivyofanya bibi zetu, na ziwe zimekauka kabisa.

Fundi mwendee Oktoba. Ikifika katikati ya Novemba meza yake imejaa sare za kwaya na magauni ya Krismasi, na kazi yako ya upindo na kwapa itapewa kijana anayejifunza. Nenda na doti iliyokwisha kufuliwa, zipu uliyoinunua mwenyewe, vifungo sita vya kuzidi, na gauni lako moja linalokukaa vizuri ili apime kutoka hapo badala ya kubahatisha. Mwambie aache inchi mbili kila ubavu ndani ya mshono, na inchi tatu chini. Atalalamika kwamba kitambaa kinapotea. Mlipe nyongeza kidogo, asizikate.